Vua Viatu Upande Huu

Vua viatu upande huu, mgeni,
vifunge kamba uvitundike shingoni.
Maji yamekupwa, tope limelala chali,
tuna saa tatu na kidogo, hazizidi.
Mimi Mize binti Khatib. Risiti yako hii hapa,
muhuri umefifia, lakini ni wa Serikali.

Usikanyage mizizi ya mkoko.
Kanyaga nilipokanyaga.
Walipita hapa watu waliovaa hariri,
nao waliikunja hadi magotini
kama wewe na hiyo suruali.

Haya, tumefika.
Najua utakachouliza. Wote huuliza,
hata yule afisa wa Unguja mwenye miwani ya kung'aa:
"Mji wenyewe uko wapi?"

Umeukanyaga.
Muhogo ule wa Ngwali umeota sebuleni kwa mtu.
Kichuguu kile ni ukuta uliochoka kusimama.
Na mbuzi yule, namfukuza kila siku,
hapendi pengine pa kulala ila kwenye kibla.

Mwaka jana kijana mmoja alinionyesha kwenye simu
mji wa Wamaya, huko Meksiko:
ngazi za mawe hadi mawinguni,
watu wanapanda wakihema, wanapigana picha.
Nikamwambia, mashaallah, wamejenga.
Sisi huku ukitaka kuona, inama.

Marehemu mume wangu, Shaame, aliinama.
Alichekecha udongo huu kwa ujira wa siku
walipokuja wataalamu na kamba na vijiti vyao.
Miezi miwili akatoa mifupa ya samaki,
shanga, vigae, mifupa tena ya samaki.
Siku ilipotoka fedha
alikuwa kitandani, homa imemkalia kifuani.
Miaka thelathini akaihadithia siku hiyo
ambayo hakuwapo:
jinsi zilivyomwagika, nyembamba, ndogo,
kama magamba ya changu kwenye ubao wa kuparia.
Nami nikaitikia kila mara, "Ehee, kisha?"

Lakini hili alilishika kwa wasomi, akaniachia:
upande mmoja jina la mwenye enzi,
upande wa pili sifa za Mola wake,
na pande mbili hizo zinagonga kina kimoja.
Mji gani huu, niambie,
uliotunga vina hata kwenye chenji ya samaki?

Hicho ulichookota kirudishe.
Ndiyo, nimekuona.
Kigae cha kijani, kimetoka mbali,
Uajemi au China, sikuapii.
Ninachokijua ni kilicholiwa humo:
papa mkavu, na mtu mmoja
aliyelalamika chumvi imezidi.

Walikuja watoto wa skuli kutoka Wete,
darasa la nne, kelele kama chiriku.
Wenzake wakichimbua dhahabu kwa vidole,
kabinti kamoja, Zuwena, akanivuta kanga:
"Bi Mize, nani alikuwa akifagia?"

Sikuwa na jibu. Sina mpaka leo.
Miaka kumi na tisa nafagia makaburi haya
kwa ufagio wa chelewa,
na tangu siku ile, alfajiri,
namwona mtu mbele yangu kidogo,
ameinama, mkono mmoja kiunoni,
hageuki.

Maji yanarudi, yasikie yanavyonong'ona kwenye mikoko.
Tia jina lako kitabuni.
Penye maoni usiandike "pazuri",
kurasa mbili nzima zimejaa "pazuri".
Andika ulichokanyaga.

Tangulia, njia sasa unaijua.
Ng'ambo mwulize Bi Time maji ya mtungi,
sugua na jiwe, baina ya vidole hasa;
tope la Mtambwe halitoki mara moja,
utalala nalo Chake, labda ufike nalo kwenu.

Viatu utavivaa upande ule.